Mpira wa Mia Mbili Sitini na Tatu

Mimi si mtu wa kusubiri. Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa mbele ya safari. Nauza achari katika mtaa wa maduka wa Sakaemachi, duka la mama yangu, na la mama yake kabla yake, na kila figili ninayoitumbukiza kwenye pipa inanitaka nikae siku arobaini bila kuigusa. Aliyenipangia kazi hii alikuwa ananitania. Kabla ya hapo nilikaa miaka kumi na tisa kiwandani, nikiandika programu za masufuria ya umeme ya kupikia wali. Ndiyo maana Novemba ile, chama cha wenye maduka kilipopata shida ya kompyuta, vidole vyote vilinielekea mimi.

Kompyuta yenyewe ni ya mwaka 1986, ya nyumbani, zile ambazo kibodi na mwili ni kitu kimoja na zinachomekwa kwenye televisheni. Kila tarehe 28 Desemba tunaitoa na kuiweka mezani chini ya paa la mtaa, na mteja aliyejaza kadi ya mihuri ya manunuzi anabonyeza kitufe kirefu mara moja. Kwenye skrini mipira inazunguka, mmoja unaanguka. Mweupe ni boksi la tishu, wa bluu ni chupa ya soya, mwekundu ni mfuko wa mchele wa kilo kumi. Wa dhahabu ni mmoja tu katika mipira mia nne: usiku mmoja kwa watu wawili katika hoteli ya chemchemi za maji moto kule milimani. Mitaa mingine inazungusha pipa la mbao lenye mipira ya kweli. Sisi tuna kompyuta, na tunajivunia hata leo.

Programu iliandikwa na Kitamori Seiji, mwenye duka la vyombo vya umeme, ambaye sasa ana miaka themanini na mkono wa kulia unaotetemeka. Kwetu tunaitana kwa maduka: yeye ni Umeme, mimi ni Achari, na Iwase Kunio, fundi wa mikeka ya tatami ambaye duka lake linatazamana na langu, ni Mikeka. Jina la mtu tunalitumia akifa, au tukimkasirikia.

Sasa, kifaa cha kusomea disketi kilikuwa kimechoka. Mkanda wake wa mpira uliyeyuka ukawa lami, na disketi mbili kati ya tatu ziliota ukungu. Mwenyekiti wetu, Nagao muuza dawa, akasema mwaka huu tukodi pipa la mbao kama watu wengine. Umeme hakubishana naye mkutanoni. Alikuja dukani kwangu na bahasha nene, akakaa juu ya pipa tupu bila kukaribishwa.

"Achari, una kazi?"

"Nina figili mia mbili hazijatiwa chumvi."

"Basi huna kazi." Akaiweka bahasha juu ya kaunta. "Nataka uniwekee programu ndani ya katriji. Katriji haina mkanda, haina ukungu. Unachomeka, unawasha, basi."

"Si unakili tu ile iliyopo?"

"Haikubali. Ile ilitengenezwa iishi sehemu nyingine ya kumbukumbu. Lazima itengenezwe upya kutoka kwenye msimbo, na kompaila yangu ilikuwa kwenye disketi iliyooza. Na ukiwa humo, yatoe majina ya maduka yaliyofungwa. Yanapita kwenye skrini kama tangazo la msiba."

"Tulikuwa wangapi?"

"Ishirini na sita."

"Na sasa?"

"Tisa, ukimhesabu paka wa muuza samaki. Mwaka mpya nane. Mikeka anafunga, anahamia Chiba kwa binti yake."

Nilijua, maana asubuhi nilikuwa namwona akifunga vitu kwenye maboksi. Nikaifungua bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi ndefu zenye matundu pembeni, mistari mia tisa ya msimbo, wino umefifia kama chai ya tatu.

Kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa amri za mashine. Ya kawaida inaitengenezea mashine ileile inayokaa ndani yake. Niliyoihitaji mimi ilikuwa ya kukaa kwenye laptopu yangu na kutengeneza amri za mashine nyingine kabisa, ya kizamani, ambayo kumbukumbu yake yote haitoshi kuhifadhi picha moja ya simu. Ni fundi cherehani wa Tokyo anayemshonea mtu wa kwetu kwa vipimo vilivyokuja kwa barua. Vipimo vikikosewa, suruali inafika ina mguu mmoja.

Kompaila yenyewe niliipata bure, imetengenezwa na watu wa huku na huko duniani ambao bado wanazipenda mashine hizo kuliko wanavyopenda kulala. Mistari mia tisa niliichapa kwa mkono, mchana, kati ya mteja na mteja, kwa siku nne. Nilipoiamuru ianze kazi ikanirudishia malalamiko mia mbili na kumi na mbili. Umeme alijifunza kwenye majarida ya zamani, na anaandika kwa mtindo ambao kompaila za leo zinauona kama herufi za kaburini. Nilirekebisha moja moja huku nikimtukana kimoyomoyo.

Baada ya malalamiko yakaja maswali. Kompaila haikujua mashine yetu inaandikaje kwenye skrini, ikabidi niipe anwani ya kila kazi iliyomo ndani ya mashine, kutoka kwenye kitabu cha Umeme chenye madoa ya mchuzi. Haikujua msimbo uanzie wapi na vinavyobadilika vikae wapi, nikaiambia. Mwanzoni mwa katriji sharti ziwepo herufi mbili za utambulisho, zikikosekana mashine inaipita katriji kama mtu anayempita jirani aliyegombana naye. Nilizisahau, nikatazama skrini nyeusi mchana kutwa.

Siku ya saba mipira ikaonekana, kwanza kwenye programu inayoiigiza mashine, kisha kwenye mashine yenyewe. Nikamwita Umeme aje aone. Akabonyeza: mweupe. Akabonyeza tena: mweupe. Alipofika mara ya thelathini akaniangalia.

"Wewe unauza tishu siku hizi?"

"Ngoja."

"Nangoja. Lakini mtaa mzima utapenga makamasi hadi maua ya mcheri yachanue."

Kosa lilikuwa langu. Kwenye katriji, thamani za mwanzo zimechongwa mahali pasipoandikika, na mashine inapoamka lazima kuwe na wa kuzinakili na kuzipeleka mahali panapoandikika. Kompaila ya zamani ilifanya hivyo yenyewe kimyakimya. Mimi niliandika msimbo wangu wa kuiamsha mashine, haraka kama kawaida yangu, nikairuka hatua hiyo. Orodha ya rangi za mipira ikawa sifuri tupu, na sifuri ni mweupe. Nikaongeza mistari michache, na rangi zote zikarudi.

Hapo mtu mwingine angemaliza. Lakini kiwandani tulikuwa na sheria moja: sufuria jipya halitoki mpaka limewekwa kando ya la zamani na yote mawili yamepika mchele uleule. Kwa hiyo nilitaka kuiona programu ya zamani ikitoa mipira yake mia nne, nihesabu rangi, nilinganishe. Umeme akakitia kile kifaa cha disketi mpira wa kufungia boksi la chakula, badala ya mkanda ulioyeyuka. Disketi ya mwisho ikasomeka mara ya tatu. Nikakaa mbele ya televisheni na kikombe cha chai, nikabonyeza mara mia nne, nikipiga mistari mitano mitano kwenye karatasi.

Wa dhahabu ulianguka namba mia mbili sitini na tatu. Hesabu ya bluu ilinipungukia mmoja, nikajua nimesinzia mahali. Kesho yake nikarudia. Bluu zikatimia. Wa dhahabu ukaanguka namba mia mbili sitini na tatu.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, nikazima mashine, nikaenda kugeuza mawe ya kukandamizia achari, nikarudi, nikaiwasha. Mia mbili sitini na tatu. Hata mwekundu wa kwanza, namba kumi na nane, haukusogea.

Nikaufungua msimbo na kutafuta, na sikuona kitu, na kutoona huko ndiko kulikokuwa jibu. Kompyuta haibahatishi kama tunavyobahatisha sisi. Inaanza na namba moja, inaikoroga, inatoa nyingine, na kuendelea. Mwanzo ukiwa uleule, mfuatano wote ni uleule. Mashine yetu haina saa ndani yake, kila ikiamka inadhani imezaliwa dakika ileile. Mwandishi ndiye anayetakiwa kuipa mwanzo tofauti kila siku, na Umeme hakuipa. Kwa miaka thelathini na miwili droo yetu ilikuwa imepangwa kuanzia mpira wa kwanza hadi wa mia nne.

Kilichonikaa kooni ni mwaka 2003. Desemba ile nilikuja nyumbani likizo, nina miaka arobaini na miwili, nimechoka na kiwanda, na mama amelala na mapafu mabovu. Nilibonyeza mara moja, kwa kadi moja, na wa dhahabu ukaanguka. Kengele ikapigwa mpaka muuza samaki akatoka na kisu mkononi. Nikampeleka mama milimani. Alikaa kwenye maji moto hadi kidevuni, theluji inamwangukia kichwani, akasema, "Unaona, Fusae, bahati haijatusahau." Alifariki Juni. Mimi niliacha kiwanda nikarithi mapipa. Kila mtu ana kitu kimoja alichokipata bila kukiomba wala kukitolea jasho, na siku zikiwa mbaya anakikumbuka na kusimama. Changu kilikuwa hicho.

Nikavuka mtaa hadi kwa Umeme. Alikuwa kwenye kotatsu, miguu chini ya blanketi la meza hiyo fupi yenye hita, anamenya chenza.

"Mia mbili sitini na tatu," nikamwambia kabla viatu havijanitoka vizuri.

Aliendelea kumenya. "Umehesabu."

"Mara tatu."

"Mimi niligundua mwaka wa pili. Nikasema nitarekebisha. Wiki ileile mke wa muuza tambi akaunguliwa jiko lote." Akanisukumia kipande cha chenza. "Achari, mtu wa hapa ukimpelekea zawadi, anafanya nini?"

"Anarudisha. Nusu yake."

"Ndani ya mwezi, na imefungwa vizuri. Mtu hana jiko, umempelekea bahasha ya pesa, kesho anahangaika mjini kukutafutia keki. Unakuwa umemwongezea kazi. Lakini bahati haina mwenyewe. Anaipokea, anainama, anaenda zake, hana wa kumrudishia."

"Kwa hiyo ulikuwa unachagua wa kumpa."

"Nilikuwa najaribu. Napiga mistari kwenye kadibodi. Ikifika mia mbili hamsini naanza vituko. Nafuta skrini, namuuliza mtu habari za goti lake, namtuma mwingine akaninunulie chai. Miaka yote hii nimefaulu mara tisa. Foleni haiswagiki. Unaipeleka huku, inakwenda kule."

"Na wangu?"

Hapo mkono wake ukaacha kumenya. Akaliweka chenza chini, akafuta vidole. "Wako ule wa mwaka ule, unajua—"

"Usinieleze."

"Nisikilize kwanza."

"Kitamori Seiji, nimesema usinieleze."

Nilishaelewa, au ndivyo nilivyodhani. Mama mgonjwa, binti hana mume, wote wawili wanahurumiwa mtaa mzima. Mtu alikaa na kadibodi akanipimia huruma kwa mistari, na mimi nikaenda nayo miaka kumi na tano nikiiita bahati. Uso uliniwaka.

"Haya, sikuelezi," akasema. "Lakini nakuomba kitu kimoja. Mwaka huu uuache mpangilio ule wa zamani kama ulivyo. Namtaka Mikeka apate ule mpira wa dhahabu kabla hajaondoka. Kwenye zile chemchemi hajafika hata siku moja. Mwaka ujao fanya utakavyo."

"Mnunulie mwenyewe."

"Atarudisha. Humjui Mikeka? Ukimsaidia kubeba ngazi anakuletea machungwa."

"Mimi sitaki mtu mwingine aishi akidhani ana bahati kumbe alionewa huruma."

"Haraka haraka, Achari."

"Haina baraka, najua. Chai yako imepoa."

Nikarudi dukani nikakaa mbele ya laptopu bila hata kuvua koti. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na aibu, na vyote viwili vinaharakisha kazi. Mashine hupiga hesabu ndani kwa ndani mara sitini kila sekunde inapochora skrini. Nikaamuru kila mtu akibonyeza, hesabu hiyo ichukuliwe ilipofika na kukorogwa pamoja na namba. Hakuna binadamu anayeweza kubonyeza kwa kulenga sehemu moja ya sitini ya sekunde. Mistari minne tu. Nikajaribu mara tatu: wa dhahabu ulianguka namba thelathini na moja, kisha mia tatu themanini na nane, kisha mia moja na arobaini. Nikaichoma kwenye katriji, nikalala vizuri.

Umeme nilimwambia tu kwamba katriji iko tayari. Aliinama, akashukuru, hakuuliza kitu. Nami sikumwambia kitu.

Tarehe 28 kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Nilichomeka katriji, nikawasha, na kabla sijaondoa kidole skrini ilikuwa tayari. Nagao akasema inawaka upesi kuliko simu yake, na kwa mtu kama Nagao hiyo ni sifa kubwa. Mimi nilikaa kwenye meza ya zawadi na kengele ya mkono. Umeme alikaa kando yangu na kadibodi yake, anapiga mistari kwa mkono unaotetemeka, mmoja kwa kila aliyebonyeza. Nikadhani ni mazoea tu ya mzee, nikamwacha.

Watu walikuja vizuri. Tishu zilitoka, soya zikatoka, mchele ukatoka mara tatu. Wa dhahabu ulikuwa bado. Ilipopita saa nane mchana nikaona Umeme amesimama, anafuta skrini kwa kitambaa, polepole, kona hadi kona. Akamuuliza muuza tambi habari za goti lake, na muuza tambi akamweleza. Mama mmoja mwenye kadi nne akaombwa kwa heshima zote aende akamletee mzee chai ya kopo kwenye mashine ya vinywaji iliyoko kona. Kisha Umeme akageuka kwenye benchi alikokaa Mikeka na kadi yake moja, glavu mkononi, akamwashiria asogee.

Nikatazama kadibodi. Mia mbili hamsini na tano.

"Mzee," nikamnong'oneza, "unafanya nini?"

"Kazi yangu. Wamebaki saba kabla yake."

"Sikuuweka ule mpangilio. Ni bahati tupu, kila mtu na yake."

Kalamu ikasimama. "Hukuuweka?"

"Si nilikwambia siku ile?"

"Wewe siku zote unasema. Maneno mengi, kisha unafanya kama ulivyoombwa. Nilidhani na hili ni hivyo." Akakaa chini taratibu. Mtu akabonyeza, mweupe, nikampa tishu. Umeme akapiga mstari.

"Kwani kwa nini Mikeka?" nikauliza. "Wenye shida mtaani ni wengi."

"Kwa sababu mpira wa dhahabu wa mwaka 2003 ulikuwa wake."

Nikampa mwingine tishu. Sikumbuki alikuwa nani.

"Mkewe, Chizu, alikuwa na ugonjwa wa figo," Umeme akasema, macho kwenye skrini. "Daktari alishamwambia Mikeka hesabu ya miezi. Chizu alitaka kuona theluji akiwa kwenye maji moto, alimwambia mke wangu. Mwaka ule nilimweka Mikeka sawasawa, mia mbili sitini na tatu, nikasema leo foleni imenitii. Ukaja wewe mbio na aproni imelowa. Umeacha siki motoni, una kadi moja tu, unaomba upite. Mikeka akasogea."

Siki ile naikumbuka. Ilichemka ikamwagika, na jiko likanuka hadi mwaka mpya. Mama alinisema kitandani kwake. Nimesimulia habari za siki ile mara nyingi, kwa sababu inachekesha, siki kumwagika siku ya kupata bahati. Mtu aliyesogea sikuwa namkumbuka hata kidogo.

"Alifariki lini?" nikauliza, ingawa nilikwenda kwenye mazishi.

"Machi. Ndilo nililotaka kukwambia siku ile ya machenza."

"Nikakukata."

"Ukanikata."

Basi nilikuwa nimepata nilichokipigania. Hakuna aliyenionea huruma. Bahati yangu ilikuwa bahati kweli, imeniangukia mimi mwenyewe kwa miguu yangu mwenyewe, na sasa nilitamani sana ingekuwa huruma. Huruma ningeweza kuishi nayo. Nikafikiria disketi ya zamani, lakini ilikuwa dukani kwa Umeme, na hata ingekuwa mezani ingeanza upya tangu mpira wa kwanza mbele ya watu wote. Nikafikiria mistari yangu minne. Niliiandika kwa robo saa, sasa imechomwa ndani ya katriji haifutiki, na haikuacha tundu hata la sindano ambalo mtu angeweza kupitisha wema.

Umeme alipiga mstari wa mia mbili sitini na mbili.

"Zamu yangu?" Mikeka akauliza. Alivua glavu, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Ana vidole vinene vyenye alama za sindano kubwa za tatami.

"Zamu yako," nikasema.

Ndani ya mashine ilikuwa imebaki mipira mia moja thelathini na minane, na mmoja wao ulikuwa wa dhahabu. Sijawahi kuiomba mashine kitu. Nimeziandikia, nimezitukana, nimezipiga makofi ubavuni, lakini kuziomba, hapana. Siku ile niliomba, na nilikuwa najua vizuri kuliko mtu yeyote pale kwamba aliyeifunga masikio ni mimi.

Akabonyeza. Mipira ikazunguka, ukaanguka mweupe.

Wa dhahabu ulitoka baadaye kidogo, namba mia tatu kumi na moja, kwa mke wa daktari wa meno, ambaye alikuwa ametoka Hawaii mwezi uleule na akauliza kama anaweza kubadilishiwa kwa mchele. Droo ilikuwa ya haki kabisa. Nagao alinisifu kwenye mkutano.

Lakini mweupe ule ulipoanguka, nilikuwa bado nimemkabili Mikeka. Nikachukua boksi la tishu, nikachukua na la pili, nikamwekea yote mawili mikononi.

Aliyatazama. "Achari, umekosea hesabu. Nimebonyeza mara moja."

"Chukua tu, yapo mengi."

"Halafu nikurudishie nini?" Alikuwa anatabasamu. "Kila kitu changu nimeshakifunga kwenye maboksi."

Akalirudisha boksi moja juu ya rundo, akalisogeza mpaka kingo zikalingana na za mengine, kama anavyolaza mkeka. Akainama kidogo, akavuka mtaa na tishu zake kwapani. Umeme akapiga mstari. Mama wa kadi nne alikuwa amesharudi na chai, nikamwambia asogee.